Hataza, dawa, mbegu na nyimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miliki ubunifu katika mikataba ya biashara

Watu wengi wakisikia mkataba wa biashara hufikiria ushuru, bandari na makontena. Ndani ya mikataba hiyo, hata hivyo, mna kurasa zinazoamua dawa itauzwa bei gani, mkulima atafanya nini na mbegu aliyovuna, na kitabu kitakuwa mali ya nani miaka sitini baada ya mwandishi kuzikwa. Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayojirudia sana kwa wafanyabiashara, wanafunzi wa sheria, wahudumu wa afya na wasanii wa Afrika Mashariki. Mwenye kesi mahsusi amwone wakili. Hapa tunaeleza jinsi kanuni zenyewe zinavyofanya kazi.

Miliki ubunifu iliingiaje kwenye mikataba ya biashara?

Kwa karibu karne nzima miliki ubunifu, yaani haki za mtu juu ya kile alichokibuni, ilikuwa na mikataba yake: ule wa Paris wa 1883 kwa hataza na alama za biashara, na ule wa Berne wa 1886 kwa hakimiliki. Mikataba hiyo iliziachia nchi uhuru mkubwa. Nchi ingeweza kuamua kwamba dawa hazipewi hataza kabisa, yaani hakuna anayeruhusiwa kuwazuia wengine kuzitengeneza. Uswisi, yenye kampuni kubwa za dawa, haikutoa hataza kwa dawa zenyewe hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Italia ilianza mwaka 1978, Hispania mwaka 1992. Jambo hili lafaa likumbukwe kila mtu anapodai kwamba hakuna nchi iliyoendelea bila hataza kali.

Mambo yalibadilika katika Duru ya Uruguay, mazungumzo ya biashara yaliyoanza 1986. Kampuni za dawa, filamu na programu za kompyuta za Marekani, Ulaya na Japani zilizishawishi serikali zao ziingize miliki ubunifu mezani, kwa sababu mikataba ya biashara ina kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho: adhabu. Anayekiuka anaweza kuongezewa ushuru kwenye bidhaa zake. Nchi maskini ziliahidiwa masoko ya nguo na mazao, nazo zikakubali. Mkataba ulitiwa saini Marrakesh tarehe 15 Aprili 1994, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, WTO. Jina lake linalojulikana ni TRIPS.

TRIPS inadai nini hasa?

Inaweka kiwango cha chini ambacho kila mwanachama lazima akifikie. Hataza: miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, katika nyanja zote za teknolojia, dawa zikiwemo. Hakimiliki: uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Alama ya biashara: angalau miaka 7, na huhuishwa bila kikomo. Kuna pia kanuni za siri za biashara, za majina ya bidhaa yanayotokana na mahali zinakotoka, na za mahakama na forodha. Nchi ikitaka kulinda zaidi ya hapo ni hiari yake, haidaiwi.

Je, nchi zote za Afrika Mashariki zinabanwa sawasawa?

Hapana, na hapa ndipo penye kosa linalofanywa hata na maofisa. Kenya inabanwa kikamilifu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika kundi ambalo Umoja wa Mataifa unaliita nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kundi hilo lilipewa muda. Muda wa kwanza uliisha 2006, ukasogezwa hadi 2013, kisha 2021, na sasa unafika tarehe 1 Julai 2034. Kwa dawa kuna ruhusa ya peke yake, inayofika tarehe 1 Januari 2033. Hadi siku hizo nchi hizi hazilazimiki kutoa wala kulinda hataza za dawa. Wajibu unaobaki ni kutobagua wageni: ulinzi unaompa raia wako, mpe na raia wa nchi nyingine mwanachama. Somalia na Sudan Kusini bado si wanachama wa WTO, hivyo TRIPS haiwahusu.

Kama Tanzania haibanwi hadi 2033, mbona dawa zina hataza Tanzania?

Kwa sababu ruhusa ya kimataifa haijitekelezi yenyewe. Lazima sheria ya nchi iseme: dawa hazipewi hataza kwa sasa. Uganda ilisema hivyo katika Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014. Rwanda ilisema hivyo katika sheria yake ya 2009. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987, ilitungwa kabla TRIPS haijazaliwa, na haikuziweka dawa kando.

Kuna na mlango wa pili, ambao wengi hawaujui. Nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kiingereza serikalini zina ofisi ya pamoja ya miliki ubunifu, ARIPO, yenye makao yake Harare. Chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, kampuni hupeleka ombi moja tu na kutaja nchi inazozitaka. ARIPO ikiridhika huiarifu kila nchi iliyotajwa, na nchi hiyo ina miezi sita kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Ikikaa kimya, hataza inapita. Kwa maana hiyo nchi iliyopewa ruhusa Geneva, yaliko makao ya WTO, inaweza kuipoteza kwa barua ambayo haikujibiwa. Kwangu hili ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika uwanja huu, maana halikulazimishwa na mtu yeyote.

Waliotumia nafasi wanaonekana. Kiwanda cha Quality Chemicals kilichoko Luzira, Kampala, kilifunguliwa mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cipla ya India, kikawa kinatengeneza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na dawa za malaria. Muda uliotolewa kwa nchi kama Uganda ulikuwa sehemu ya hesabu ya mradi huo.

Leseni ya lazima ni nini? Lazima serikali itangaze hali ya dharura kwanza?

Ni idhini ambayo serikali humpa mtengenezaji mwingine, au taasisi yake yenyewe, kutumia uvumbuzi wenye hataza bila ridhaa ya mwenye hataza. Mwenye hataza hanyang'anywi mali. Analipwa mrabaha wa haki. Kifungu cha 31 cha TRIPS ndicho kinachoweka masharti.

Na la, dharura si sharti. Kinachofanywa na dharura ni kuondoa hatua moja, ile ya kujaribu kwanza kuelewana na mwenye hataza. Azimio la Doha la tarehe 14 Novemba 2001, lililopitishwa na mawaziri wa biashara wa WTO, linatamka wazi kwamba kila mwanachama ana haki ya kutoa leseni hizi na uhuru wa kuamua kwa sababu zipi. Ofisa akikwambia tusubiri rais atangaze janga, mwonyeshe aya ya tano ya azimio hilo.

Azimio lenyewe lilipatikana kwa jasho. Mwaka 1997 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kurahisisha upatikanaji wa dawa nafuu; mwaka uliofuata kampuni za dawa zikaipeleka serikali mahakamani, na jina la Nelson Mandela likiwa miongoni mwa washtakiwa. Kampuni 39 zilikuwa bado kwenye kesi hiyo zilipoiondoa Aprili 2001, baada ya maandamano dunia nzima. Februari ya mwaka huohuo Cipla ilikuwa imetangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu za UKIMWI kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakati matibabu ya kampuni zenye hataza yalizidi dola 10,000. Tofauti hiyo ya bei watu waliizika: makaburi ya miaka ile yapo Rakai, Bukoba na Kisumu.

Nchi isiyo na kiwanda cha dawa itafanya nini na leseni ya lazima?

Swali hili liliisumbua WTO yenyewe, kwa sababu TRIPS ilitaka dawa zinazotengenezwa chini ya leseni ya lazima ziuzwe hasa ndani ya nchi iliyoitoa. Mwenye kiwanda hakuweza kumuuzia kwa wingi asiye nacho. Tarehe 30 Agosti 2003 ulikubaliwa utaratibu wa kuruhusu kuuza nje, nao ukaingizwa rasmi ndani ya mkataba tarehe 23 Januari 2017 kama Kifungu cha 31 bis.

Nchi iliyoujaribu ni Rwanda. Julai 2007 iliiarifu WTO kwamba inataka kununua paketi 260,000 za TriAvir, kidonge kimoja chenye dawa tatu za UKIMWI, kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada. Kanada ilikuwa imepitisha sheria maalumu kwa ajili hiyo mwaka 2004. Leseni ilitolewa Septemba 2007. Shehena ya kwanza ilifika Septemba 2008, ya pili mwaka uliofuata. Vidonge vilipaswa kuwa na rangi na alama tofauti, kiasi kitangazwe mapema, na leseni iwe ya shehena hiyo tu. Ukitaka tena, unaanza upya. Apotex ilisema haitarudia bila utaratibu kurahisishwa. Hadi leo ndiyo safari pekee iliyokamilika kwa njia hiyo. Mgonjwa anayesubiri dawa hana mwaka mzima wa kusubiri makaratasi, na utaratibu unaotumika mara moja tangu 2003 hauwezi kuitwa suluhisho.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kutumia utaratibu huo kwa pamoja?

Inaweza, na tena kwa nafuu kubwa. Aya ya tatu ya Kifungu cha 31 bis inazihusu jumuiya za kibiashara za kikanda ambazo angalau nusu ya wanachama wake ni nchi zenye maendeleo duni zaidi. Dawa iliyotengenezwa au kuingizwa kwa leseni ya lazima katika nchi mojawapo inaweza kuuzwa kwa wanachama wengine wenye tatizo hilohilo la afya, bila kupita kwenye mlolongo ulioichosha Rwanda. Ndani ya Jumuiya yetu, ukiitoa Kenya, wote wamo katika kundi hilo. Kiwanda cha Nairobi au cha Kampala kingeweza kuhudumia soko kutoka Mombasa hadi Kinshasa. Mlango huu uko wazi na haujawahi kutumika.

Dawa za jenariki ni dawa bandia?

Sivyo. Dawa ya jenariki ina kiambata hai kilekile, yaani kemikali inayotibu, imekaguliwa na mamlaka ya dawa, na inauzwa bila kujifanya ni ya kampuni nyingine. Dawa bandia ni udanganyifu: lebo ya uongo, kiambata pungufu au hakipo kabisa. Kuchanganya mambo haya mawili kumewaletea wagonjwa hatari ya kweli, na kisa chenye mafunzo mengi ni cha Kenya.

Sheria ya Kuzuia Bidhaa Bandia ya Kenya ya mwaka 2008 ilifafanua bidhaa bandia kwa upana uliomeza na dawa za jenariki. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009, wakieleza kwamba maisha yao yanategemea dawa za jenariki na kwamba ofisa wa forodha angeweza kuzikamata kwa maneno yale yale ya sheria. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vile vinahatarisha haki ya uhai, ya utu na ya afya zilizomo katika Katiba ya 2010, na akaitaka serikali iuangalie upya ufafanuzi wake. Alikataa hoja kwamba hakimu na mkaguzi wangejua wenyewe kutofautisha. Aliona haki ya uhai haifai kuachwa kwenye busara ya ofisa. Hukumu hii ingefaa isomwe na kila mbunge katika Jumuiya kabla hajapigia kura muswada wa bidhaa bandia.

Hofu ya wale watatu haikuwa ya kufikirika. Mwishoni mwa 2008 forodha ya Uholanzi ilizuia shehena ya dawa ya shinikizo la damu iliyokuwa ikipita tu kutoka India kwenda Brazili, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa na hataza Uholanzi, ingawa haikuwa nayo ilikotoka wala ilikokwenda. India na Brazili zililipeleka suala hilo WTO mwaka 2010.

Ukiisoma TRIPS yenyewe utaona inadai hatua za forodha na adhabu za jinai kwa kughushi alama ya biashara na kwa uharamia wa hakimiliki. Kwa hataza haidai. Kufungwa jela kwa ajili ya hataza ni jambo tunalojitungia wenyewe.

Kwa nini tusiwaombe wenye hataza watupe leseni kwa hiari?

Huwa wanatoa, na si jambo la kubeza. Tangu 2010 kuna taasisi iliyoanzishwa Geneva, Medicines Patent Pool, inayokusanya leseni za hiari na kuzigawa kwa watengenezaji wa jenariki. Oktoba 2024 kampuni ya Gilead iliwapa watengenezaji sita leseni ya lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inayochomwa mara mbili kwa mwaka, wauze katika nchi 120. Afrika Mashariki imo.

Ila orodha ya nchi huandikwa na mwenye hataza. Brazili, ambayo wananchi wake walishiriki katika majaribio ya dawa hiyo, haimo. Leseni ya hiari hutolewa kwa ukarimu zaidi pale mwenye hataza anapojua serikali ina leseni ya lazima mkononi na haiogopi kuitumia. Kenya iliona hilo mwaka 2004, pale kampuni ya Cosmos ya Nairobi ilipopata leseni za hiari za dawa za UKIMWI baada ya kwanza kuomba ya lazima.

Wakati wa corona WTO iliondoa hataza za chanjo?

Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba kanuni kadhaa za TRIPS zisimamishwe kwa kila kinachohusu ugonjwa huo: chanjo, vipimo, dawa, vifaa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojiunga na ombi hilo mapema. Jibu lilikuja tarehe 17 Juni 2022, nalo lilihusu chanjo peke yake, kwa miaka mitano, na zaidi lilirahisisha masharti ya leseni za lazima. Vipimo na dawa viliahirishwa kwa miezi sita, na makubaliano hayakupatikana. Wakati uamuzi unatolewa, mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu chanjo za kwanza zianze kutolewa Uingereza na Marekani.

Nasikia mikataba ya nchi mbili ni mibaya zaidi. Kweli?

Mara nyingi ni kweli. TRIPS ilijadiliwa na nchi zaidi ya mia, ikabaki na nafasi za kupumulia. Katika mkataba wa nchi mbili, anayeuza kidogo hukaa mezani na anayenunua karibu kila kitu, na nafasi zile huzibwa moja baada ya nyingine.

Chukua Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani Maskati. Mkataba wake wa biashara huria na Marekani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, uliongeza hakimiliki hadi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Uliweka pia kipindi cha miaka mitano ambamo mtengenezaji wa jenariki hawezi kuegemea data za majaribio za kampuni ya kwanza ili dawa yake isajiliwe. Hapa pana ujanja mkubwa: hata dawa isiyo na hataza yoyote nchini hupata miaka mitano ya kukosa mshindani. Leseni ya lazima nayo haisaidii kitu ikiwa mamlaka ya dawa haiwezi kuisajili dawa ya jenariki. Moroko ilikubali masharti ya namna hiyohiyo katika mkataba wake wa 2004.

Kwetu shinikizo huja kwa njia nyingine pia. Mpango wa AGOA, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2000 kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru, uliweka ulinzi wa miliki ubunifu kati ya vigezo vya nchi kustahili. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliosainiwa Nairobi Desemba 2023 na kuanza Julai 2024, uliiacha miliki ubunifu kwa mazungumzo ya baadaye. Mazungumzo hayo ndiyo ya kuyatazama kwa macho mawili.

Miaka 50 au 70 baada ya kifo: msomaji wa Kiswahili inamhusu nini?

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa kanuni ya miaka 50, ambayo ndiyo ya Tanzania na Kenya, ulinzi wa maandishi ya mtu aliyefariki mwaka huo hukoma mwishoni mwa 2012. Kwa kanuni ya miaka 70 ungekoma mwishoni mwa 2032. Tofauti ni miaka ishirini ambamo shule, mchapishaji mdogo au mtengeneza programu ya simu angehitaji kibali. Kanada ilikuwa nchi ya miaka 50. Mkataba wake na Marekani na Meksiko uliilazimisha kuhamia 70 mwishoni mwa 2022. Kwa mtunzi aliye hai nyongeza hiyo haimsaidii. Msanii wa Dar es Salaam au wa Goma ana shida ya kulipwa mrabaha leo, redio inapocheza wimbo wake leo.

Mkulima anakatazwa kuhifadhi mbegu?

TRIPS inataka nchi ilinde aina mpya za mimea kwa hataza au kwa utaratibu wake mwingine wenye ufanisi, na haitaji ni upi. Kujiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda wagunduzi wa mbegu mpya, hakumo katika TRIPS. Hata hivyo Kenya ilijiunga mwaka 1999, na Tanzania tarehe 22 Novemba 2015, ikiwa ya kwanza kati ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Wanachama wa ARIPO nao walipitisha Itifaki ya Arusha mwaka 2015 kwa mwelekeo huohuo.

Chini ya UPOV ya 1991, mbegu za asili ambazo hazijasajiliwa na mtu haziguswi. Kwa aina iliyosajiliwa, matumizi ya mkulima kwa chakula cha nyumbani yanaruhusiwa. Kuhifadhi mbegu za mavuno na kuzipanda tena shambani mwake kunategemea kama sheria ya nchi imeweka msamaha huo na kwa mazao yapi. Kumuuzia jirani kunahitaji idhini, na hata kubadilishana naye kunaweza kuhesabiwa kosa. Katika nchi ambazo mbegu nyingi hupita mkono kwa mkono, sokoni na kwenye vikundi vya kina mama, kanuni hiyo inagusa maisha ya kawaida kabisa. Mtafiti wa mbegu anastahili kulipwa, sina ubishi na hilo. Lakini nchi iliyokuwa bado na muda wa kutunga utaratibu wake, muda ambao sasa unafika 2034, ikaamua kuchukua uliotungwa kwa ajili ya mashamba ya Ulaya, inadaiwa maelezo na wakulima wake.

Kampuni ya nje inaweza kusajili maneno na majina yetu?

Alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi na kwa aina ya bidhaa. Disney ilisajili Marekani maneno "hakuna matata" kwa ajili ya mavazi. Ombi ni la 1994, usajili wa 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kutaka usajili ufutwe. Hasira inaeleweka, ila madhara yake kisheria ni madogo kuliko inavyosemwa: haumzuii mtu kuyatamka wala kuyaandika, na hauna nguvu Mombasa. Unamgusa anayeuza fulana zenye maneno hayo Marekani.

Pingamizi la mapema hufaa zaidi. Katika muongo wa 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" huko. Watetezi wa wafumaji wa Kenya wakaweka pingamizi, na ombi halikufika mwisho. Ethiopia, ambayo wakati huo haikuwa hata mwanachama wa WTO, ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2005 iliomba yenyewe kusajili Marekani majina ya kahawa yake, Sidamo, Harrar na Yirgacheffe. Upinzani ulikuwa mkali, na Juni 2007 Starbucks ikatia saini makubaliano ya kuyatambua majina hayo.

Kwa mfanyabiashara mdogo: sajili kabla ya kuuza nje. Ukisajili nyumbani, Mkataba wa Paris unakupa miezi sita ya kipaumbele kwa alama na miezi 12 kwa hataza katika nchi nyingine. Na ukumbuke kwamba usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria na msajili wake.

Mkataba ukikiukwa, kampuni inaweza kuishtaki nchi WTO?

Haiwezi. WTO ni baraza la serikali kwa serikali. Marekani iliishtaki India mwaka 1996 kuhusu hataza za dawa na ikashinda; Australia ilishtakiwa kwa sheria yake ya pakiti za sigara zisizo na nembo na ikashinda. Tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi. Angalia lakini mikataba ya uwekezaji: humo kampuni huweza kuishtaki nchi moja kwa moja.

Na Eneo Huru la Biashara la Afrika?

Lina itifaki yake ya miliki ubunifu, iliyopitishwa na wakuu wa nchi Februari 2023. Imegusa maarifa ya jadi na rasilimali za kijenetiki (chembe za urithi za mimea na viumbe wengine), mambo ambayo TRIPS iliyapuuza. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, nayo ilipitisha Geneva, tarehe 24 Mei 2024, mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali ya kijenetiki aliyoitumia imetoka wapi.

Mwananchi anaingilia wapi?

Kabla ya kuridhiwa, kwa sababu baadaye ni vigumu. Kenya ina Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012, inayotaka maoni ya umma yazingatiwe Bunge linapoujadili mkataba. Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Maoni yaandikwe kwa kutaja kifungu: muda wa data za majaribio, urefu wa hataza na hakimiliki, uhuru wa kuagiza dawa halisi kutoka nchi zinakouzwa kwa bei ndogo, UPOV. Kamati ya afya na ya kilimo ziitwe pamoja na ile ya biashara. Na kwa nchi za kundi la 2033, ombi la kwanza liwe sentensi moja ndani ya sheria ya hataza: hadi muda huo, dawa hazipewi hataza, na ARIPO iarifiwe hivyo kwa maandishi.